Kuendesha gari Karamoja hadi Kidepo baada ya mioto ya kiangazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule anayetaka kuja na gari lake mwenyewe, awe anatoka Kampala, Eldoret au Arusha, apite kaskazini mashariki mwa Uganda miezi ile ambayo nchi imetoka kuungua na majani ndiyo yanaanza kurudi. Wengi hutuuliza kama si afadhali wangoje mpaka kila kitu kiwe kijani kibichi. Jibu letu ni hapana, na sababu zake zimo humu.

Njia yenyewe ni ipi?

Ni mzunguko. Unaanzia Mbale, unashika barabara ya Muyembe, unapita ubavuni mwa hifadhi ya wanyama ya Pian Upe, unafika Nakapiripirit chini ya mlima Kadam, kisha Moroto. Mpaka hapo ni kama kilomita 220 na yote ni lami. Kutoka Moroto unaelekea kaskazini kupitia Kotido, Kaabong na Karenga hadi Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni changarawe. Kurudi, shika upande wa magharibi: Kitgum, Gulu, unavuka Nile kwenye daraja la Karuma, unateremka mpaka Kampala.

Wapo wanaoizunguka kinyume, wakaanzia Gulu. Sisi tunapenda kupanda kwa Karamoja na kurudi kwa Gulu, kwa sababu ukishachoka na vumbi la siku kadhaa utashukuru kupata lami kuanzia Kitgum. Tena milima ya Kadam, Napak na Moroto inapendeza zaidi ikiwa mbele yako kuliko ikiwa kwenye kioo cha nyuma.

Huo moto uliwaka wapi na lini?

Usifikirie moto mmoja mkubwa wenye tarehe yake. Nyika ya kaskazini mwa Uganda huungua vipande vipande kila kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Karamoja ina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, na mvua hupungua kidogo katikati. Nyasi hurefuka mpaka zikampita mtu, kisha hukauka zikiwa zimesimama. Zikishakauka hivyo, na upepo wa Januari unavuma kutoka mashariki, kijiti kimoja cha kiberiti kinatosha kilima kizima.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuja ni: mwaka huu pameungua wapi, na kwa moto wa aina gani? Waulize askari wa wanyamapori kwenye geti la Pian Upe au Kidepo. Watakujibu kwa furaha, maana hiyo ndiyo kazi iliyowachosha tangu Desemba.

Nani huwasha?

Watu karibu kila mara, na kila mmoja ana lake.

Mfugaji huchoma kwa sababu nyasi kuukuu ni ngumu na hazimshibishi ng'ombe, ilhali chipukizi linalotoka baada ya moto ni laini na lina lishe. Huchoma pia kuua kupe, na kufungua uwanda ili mchungaji amwone simba au mwizi wa mifugo kabla hajafika. Hesabu yake si ya kijinga hata kidogo. Shida ni pale anapochoma kisha mvua ikachelewa miezi miwili. Hapo nyasi kuukuu hana na mpya hana, na inambidi aswage mifugo kuelekea maeneo jirani ya Teso au Acholi, na ugomvi huanzia huko.

Mwindaji huwasha ili kumtoa mnyama mafichoni. Mrina asali huangusha kienge chini ya mti akaondoka. Mkulima anasafisha shamba la mtama, upepo unageuka. Wachoma mkaa nao huacha tanuri likifuka. Radi pia huwasha, lakini huja na mvua yake, kwa hiyo moto wake hauendi mbali.

Halafu kuna moto unaowashwa makusudi na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, ndani ya hifadhi. Wageni wakiuona hushtuka na kupiga picha wakidhani wamefuma uhalifu. Askari huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu chini, kipande hiki leo na kile wiki ijayo, ili moto mkali wa Februari ukifika ukute hakuna cha kula. Nje ya hapo, sheria ya Uganda inakataza kuchoma nyasi ovyo na imekuwapo tangu miaka ya 1970. Inavyofuatwa, utajionea mwenyewe ukiwa barabarani.

Ni wakati gani mzuri wa kuja?

Siku za mwanzo baada ya mvua ya kwanza au ya pili kunyesha, ambazo mara nyingi huangukia mwisho wa Machi mpaka katikati ya Aprili. Hilo dirisha ni jembamba. Ukija Februari utaona weusi mtupu na jua kali, na moshi utakufichia milima. Ukija Julai nyasi zimeshakuwa ukuta pande zote mbili za barabara, utaendesha siku nzima bila kuona hata sungura, na zile sehemu za udongo mweusi zitakushika mpaka jioni.

Kati ya hapo ndipo penye uzuri wake. Ardhi bado nyeusi, juu yake umepita unyoya mwembamba wa kijani, hewa imeoshwa moshi, na unaona mbali. Kutoka barabara ya Nakapiripirit unaona mlima Moroto wenye zaidi ya mita 3,000 ukiwa umesimama peke yake, mikunjo yake yote wazi. Mnyama hana pa kujificha, na hata akiwapo hataki kujificha, maana amekuja kula.

Kama huwezi kupata likizo wakati huo, njoo Januari, ila ujue unakuja kuuona moto. Kupona kwa nchi hutakuona.

Nitaona nini hasa?

Anza na barabara yenyewe. Mara nyingi barabara ndiyo iliyouzuia moto, kwa hiyo utakuta kulia kumekuwa kweusi mpaka upeo wa macho na kushoto nyasi za rangi ya simba hazijaguswa. Simamisha gari mahali salama, zima injini, ushuke kama uko nje ya hifadhi. Chuchumaa. Utaona kila shina la nyasi limebaki kama brashi fupi nyeusi, na katikati yake, pale ambapo moto haukufika, limetoka jani moja au mawili ya kijani kikali. Sehemu ya nyasi inayokua iko chini, usawa wa udongo au ndani yake, na moto mwepesi hupita juu haraka bila kuigusa. Ndiyo maana baadhi ya mashina huchipua hata kabla ya mvua, yakitumia akiba iliyomo mizizini.

Kati ya hayo mashina, baada ya mvua, huchomoza maua yasiyosubiri majani. Liko moja jekundu la mviringo, limeundwa na vijiti vyembamba vingi, linasimama peke yake juu ya majivu kama mpira uliosahauliwa na watoto. Hilo hata dereva wa lori husimama kulitazama.

Wanyama hufuata jani jipya. Pian Upe utaona taya, yule swala mdogo wa rangi ya kahawia nyekundu, kongoni, na pofu ukibahatika. Wako nyani wekundu wa nyikani wenye miguu mirefu, ambao hukimbia chini badala ya kupanda mti. Twiga nao wamerudishwa Pian Upe miaka ya karibuni kwa kuhamishwa kutoka hifadhi ya Murchison. Kidepo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1962 na ina kilomita za mraba 1,442, utapata makundi makubwa ya nyati katika bonde la Narus, punda milia, tembo, na mbuni wakitembea kwenye majivu kwa hatua zao za madaha. Simba wa Kidepo hupenda kulala juu ya miamba, na nyasi zikishaungua hutahitaji hata darubini.

Usiwasahau ndege. Moto ukiwa bado unawaka, mwewe huzunguka mbele yake kudaka panzi wanaoruka. Ukishapita, korongo huja kutembea juu ya majivu wakiokota walioungua. Baada ya wiki kadhaa utamwona karani, yule ndege wa miguu mirefu, akipiga ardhi kwa mguu kutafuta nyoka.

Nitatambuaje moto mwepesi na moto mkali?

Tazama miti. Moto mwepesi wa mapema huacha alama ya masizi chini ya shina, urefu wa goti au kiuno, na majani ya juu yanabaki. Ardhi inakuwa na viraka: hapa pameungua, pale pamerukwa, kichuguu kimezungukwa na nyasi nzima. Majivu yake ni meusi.

Moto wa mwisho wa kiangazi haubakishi viraka. Majani ya juu yamebabuka yakawa kahawia, miche yote ya migunga imekufa mpaka chini, na pale ambapo gogo lilikuwa limelala utakuta mstari wa majivu meupe, gogo zima limetoweka. Udongo hapo umekuwa mgumu na mwekundu. Mvua ya kwanza haiingii, inateremka na majivu mpaka mtoni. Ukivuka korongo lenye maji meusi mazito, ujue juu yake moto wa namna hiyo umepita.

Miti mingine imeuzoea. Mgunga wenye gamba nene, mjunju, mvumo kule Kanangorok ndani ya Kidepo: utaikuta imepakwa masizi lakini hai. Mkwaju mkubwa pia hustahimili, ingawa ukiungua ndani ya uwazi wa shina huweza kufuka siku nyingi na kuanguka bila kutoa taarifa. Usiegeshe gari chini yake.

Kwa hiyo kila kitu hupona?

La. Tukisema nchi inapona, tunasema juu ya nyasi, na nyasi ni stadi wa kupona. Mambo mengine hayako hivyo.

Msitu wa mlimani haukuumbwa kwa moto. Milima ya Kadam, Moroto, na Morungole ulio karibu na Kidepo, ina misitu juu, na kila moto mkali unaopanda kutoka uwandani hula ukingo wake kidogo. Mwaka ujao pale palipoungua panaota nyasi, nyasi zinaleta moto mwingine, na msitu unarudi nyuma tena. Ukiwa chini barabarani utaona mpaka huo kwa macho: kijani kizito juu, kisha mstari uliokatika ghafla, kisha manjano. Huko Rwenzori, moto wa Februari 2012 ulipanda mpaka kwenye miti mirefu ya mlimani inayokua polepole sana katika baridi, na athari ya moto wa namna hiyo haiishi kwa mvua moja wala kumi.

Mshea nao huumia kimyakimya. Ukipita Abim au Kitgum utauona mashambani, mti wenye gamba lililopasuka vipande. Huchanua kiangazi, wakati uleule wa mioto, kwa hiyo moto ukipanda juu huunguza maua na mwaka huo akina mama wanakosa mbegu za kukamua mafuta. Mti uko hai, lakini mavuno yamekwenda.

Na mahali ambapo mti ulikatwa kwa mkaa kwanza, kisha moto ukapita juu ya visiki, hapo hurudi vichaka vya miiba.

Wanyama hufa kwenye moto?

Wakubwa hukimbia au hurudi nyuma kwenye eneo lililokwisha ungua. Wanaokufa ni wa polepole: kobe, nyoka, ndama wa swala waliofichwa kwenye nyasi, vifaranga wa ndege wanaotaga chini. Ukikuta kobe anavuka barabara Aprili, mpishe, huyo amebahatika.

Gari gani linafaa?

Mpaka Moroto, gari lolote zima. Mbele ya Moroto, gari la juu lenye kuendeshwa kwa magurudumu manne. Watu hutuambia kwamba wameona Premio, gari dogo la chini, imefika Kotido. Hata sisi tumeiona, na tumeiona pia ikivutwa.

Tatizo la msimu huu ni mambo matatu. La kwanza ni tairi: mabua ya vichaka vilivyoungua hubaki yamechongoka na kukauka mpaka yakawa misumari, kwa hiyo usitoke nje ya barabara hata kwa hatua chache ili kupiga picha. Beba tairi mbili za akiba. La pili ni chujio cha hewa. Majivu ni laini kuliko vumbi na huziba upesi, kwa hiyo lifungue kila jioni ulikung'ute, na uwe na jipya kwenye mkoba. La tatu ni udongo mweusi unaonata, hasa kati ya Kotido na Kaabong na ndani ya Kidepo. Ukikauka ni mgumu kama saruji. Ukinyeshewa nusu saa, gari linateleza kando kwa kando hata ukiwa kwenye gia nzito. Mvua ikianza, simama ungoje. Jua la Karamoja hukausha haraka, na saa mbili za kungoja ni nafuu kuliko kutafuta trekta.

Mafuta jaza Moroto na ujaze tena Kotido au Kaabong. Beba jerikeni moja la ziada, kwa sababu vituo vya Kaabong vikiishiwa utauziwa ya kwenye chupa, na hujui imechanganywa na nini.

Nikikuta moto karibu na barabara nifanye nini?

Punguza mwendo, washa taa, funga madirisha, zuia hewa ya nje isiingie ndani. Kama moshi ni mwepesi na unaona gari la mbele yako, pita polepole. Ng'ombe na watu huweza kuwa wamesimama katikati ya barabara kwa sababu ndiyo sehemu isiyowaka.

Kama moshi ni mzito huoni, usiingie kamwe. Geuza, au rudi nyuma mpaka ufike mahali palipokwisha ungua au pasipo na nyasi, uegeshe hapo. Moto wa nyasi hupita kwa dakika chache. Usikimbie kwa miguu kupanda kilima, moto hupanda mlima haraka kuliko binadamu. Na usiegeshe gari lenye ekzosi ya moto juu ya nyasi kavu ndefu. Mioto mingine imewashwa na wageni wenyewe kwa namna hiyo. Kichungi cha sigara kiingie kwenye chupa yenye maji, kisirushwe dirishani.

Utakutana pia na chamchela nyeusi, nguzo ya majivu inayozunguka inayokatiza barabara. Haina madhara, lakini funga kioo la sivyo utafika Kidepo umefanana na mfua vyuma.

Usalama ukoje? Tumesikia habari za wizi wa ng'ombe.

Mmesikia kweli. Wizi wa mifugo kwa bunduki uliamka tena kuanzia 2019, na Julai 2021 jeshi na polisi wakaanza operesheni ya kukusanya silaha waliyoiita Usalama kwa Wote. Hali imetulia sana ukilinganisha na miaka ile, na shabaha ya wezi ni ng'ombe, si wageni. Lakini kuna taratibu tunazozifuata bila ubishi: hatuendeshi usiku popote kati ya Moroto na Kidepo, tunauliza habari za njia kila asubuhi kabla ya kuondoka, na tukisimamishwa kizuizini tunashusha vioo, tunasalimia, tunajibu.

Uliza kambi ya jeshi au polisi badala ya kuuliza hotelini. Mwenye hoteli atakuambia njia ni shwari kwa sababu amekwisha kukuuzia chakula cha safari. Namba za dharura za polisi Uganda ni 999 na 112, ila kati ya mji na mji mtandao hukatika, kwa hiyo mwachie mtu ratiba yako.

Kiswahili kitanitosha?

Zaidi ya unavyodhani. Askari wote wa jeshi utasema nao Kiswahili, na ukianza na "Habari za kazi, afande" mazungumzo yatakuwa mafupi na mazuri. Madereva wa malori, wafanyabiashara wa mifugo, wenye maduka ya Moroto na watu wa upande wa Kapchorwa karibu na mpaka, wote wanakijua. Vijijini utahitaji Kikaramojong: salamu ni "ejoka", na asante ni "alakara". Ukishafika Kitgum, asante inakuwa "apwoyo". Wazee huchukua muda kwenye salamu, usiwakatize kwa kuuliza njia.

Natokea Kenya. Nipite mpaka gani na nibebe nini?

Kama uko Kitale au Eldoret, pita Suam. Barabara ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73 ubavuni mwa mlima Elgon, imewekwa lami, na zamani ilikuwa inatisha watu wazima. Utalala Sipi kwenye maporomoko na kahawa nzuri, kisha unateremka Muyembe asubuhi. Wanaotoka Nairobi moja kwa moja hutumia Malaba au Busia.

Mkenya anaingia kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania alete pasipoti. Gari liwe na kadi ya umiliki, bima ya kadi ya njano ya COMESA, na kibali cha muda utakachopewa mpakani. Kama gari si lako, barua ya mwenye gari iwe imeidhinishwa na wakili.

Ada za hifadhi zinalipwaje?

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo kabisa ukilinganisha na wageni wa mbali, mradi uonyeshe kitambulisho. Jiandae kulipa kwa simu au kadi, usitegemee noti. Barabara kuu inayopita Pian Upe hailipiwi. Unalipa ukitaka kuingia ndani kutembea na askari, na tunashauri uingie. Askari wa hapo wamezima mioto hiyo kwa matawi ya miti, kwa mikono yao, na hakuna atakayekusomea ile ardhi kama wao.

Tutakula na kulala wapi?

Mbale, Moroto na Gulu zina hoteli za kila mfuko. Kotido na Kaabong ni nyumba za wageni za kawaida, safi, maji ya ndoo. Kidepo kuna mabanda ya UWA pale Apoka na uwanja wa mahema; ukipiga hema, nyati watalala karibu nawe, usitoke usiku bila kumwita askari.

Chakula cha njiani ni posho, yaani ugali, na maharage au nyama ya mbuzi, chapati, na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ukiwa mjini. Upande wa Kitgum agiza malakwang, mboga ya majani machachu, na ugali wa ulezi. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyofikiri.

Ninunue nini njiani, na nisinunue nini?

Mkaa usinunue. Magunia yamepangwa kando ya barabara na bei inavutia, lakini amri ya rais ya Mei 2023 ilipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini, na ukikutwa na magunia kwenye buti utaeleza mpaka usiku. Hata bila amri, umeshaona visiki.

Mafuta ya shea nunua, hasa Kitgum na Abim, kutoka kwa aliyeyakamua. Mtu anayepata hela kutoka kwenye mti huulinda usiungue, hufyeka nyasi kuuzunguka kabla ya kiangazi. Asali pia nunua, ila muulize muuzaji anavyorina. Mwenye mizinga yake mwenyewe hataki moto karibu. Aliyepora mzinga wa porini kwa kienge utamjua, asali yake ina masizi na harufu ya moshi.

Naweza kupiga picha za watu na manyatta?

Omba kwanza, na kama kuna mzee, muombe yeye. Mara nyingi utaombwa kitu kidogo, mpatane kabla hujatoa simu. Kambi, vizuizi na wanajeshi usipige kabisa. Na tunaomba jambo moja: mtu aliyesimama mbele ya shamba lililoungua usimpige kana kwamba amepatwa na msiba, kabla hujamuuliza. Pengine amelichoma mwenyewe, kwa makusudi, na anangojea mvua ili apande mtama.

Nina pumu, au nasafiri na mtoto mchanga. Nije?

Mvua ikishanyesha, ndiyo. Kabla ya hapo moshi na majivu vitawatesa, ngojeni.

Kutoka Kidepo naweza kufika Kampala kwa siku moja?

Inawezekana ukitoka geti likifunguliwa alfajiri, lakini hatukushauri. Ni zaidi ya kilomita 550, na sehemu ya kwanza mpaka Kitgum, kama kilomita 140, huchukua muda kuliko unavyodhani. Ukifika Kitgum saa sita mchana, bado una Gulu, Karuma na ile barabara ndefu ya Luweero yenye mabasi yasiyojua breki. Lala Gulu. Asubuhi waoshaji magari watakuomba uwafungulie boneti. Wakubalie, waambie wapulize chujio la hewa na rejeta kwa upepo kwanza, maji yafuate baadaye, kwa sababu majivu yakilowana ndani ya rejeta yanaganda na gari litachemka kabla hujaiona Karuma.